Nyanya alibaki na vifaranga

Juzi hapa Kimanga majirani walikuwa uani wakiongelea vifaranga vyao. Binti mmoja akasema Jumapili watapanda mulima kufanya sport, na kupikia kuku huko juu. Wote walicheka. Minye niliingia ndani.

Siku moja ya utoto wangu, wakati wa vita, pia watu walisema tunapanda mulima. Kila nyumba ilichinja kuku mchana, hata wenye vifaranga, maana hakuna aliyetaka kuwaachia askari waliokuwa wanakuja. Avenue yote ilinukia mawese na nyama. Nilidhani ni Noeli, nikala mpaka tumbo likauma.

Nyanya yangu hakuweza kupanda, miguu ilikuwa imemvimba. Jirani wetu Baba Mwenge alikuwa na mtumbwi pale ziwani, na mama alimwomba nafasi moja tu.

"Umejaa, dada," alijibu. Ndani niliona matela yake ya kulalia na mbuzi wawili.

Askari ndio walimuua nyanya, lakini minye namtaja Baba Mwenge wa kwanza.

Mama aliniambia, "Nyanya atabaki kulinda vifaranga."

Wivu ulinishika. Vilikuwa kumi, vikilia ndani ya kikapu, mama yao tulikuwa tumemla. Nikamwambia nyanya, "Weye uko na bahati. Minye watanitembeza mpaka juu."

"Ndiyo, niko na bahati," alisema, akinifuta mafuta mdomoni na kitenge chake. "Nenda mbio, mama yako anakungoja."

Niliondoka nimemnunia. Hata kumuaga sikumuaga.