Ule wa Mwisho

Mume wangu hajawahi kuimba, hata bafuni. Mapacha wetu walipokuwa wadogo alijaribu siku moja kuwabembeleza, wakalia wote wawili kwa pamoja mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Na mtu huyo huyo, asiyejua sauti inapandia wapi wala inashukia wapi, ndiye mwenyekiti wa watu wanaoamua nani kaimba vizuri na nani kaimba ovyo. Duniani hakuna haki.

Yeye ni fundi makochi. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu mbele ya nyumba. Upande wake kuna mifupa ya makochi, sponji zilizorundikwa mpaka darini na makopo ya gundi. Upande wangu kuna cherehani, maana vitambaa vya kuvalisha makochi hayo nashona mimi. Akiwa kazini hujaza misumari midogo mdomoni, akaitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuipigilia kwa nyundo. Kwa hiyo siku za kazi nilikuwa na amani. Jumamosi alasiri misumari ilitoka mdomoni, na Radi akaingia.

Radi ni mwimbaji wa roki. Ndivyo mashabiki wake walivyombatiza. Jina alilopewa na mama yake silijui na sijaona hasara. Nimeona picha zake: nywele mpaka mabegani, suruali imembana mpaka unamwonea huruma. Sauti alikuwa nayo, hilo sikatai. Alishakufa zamani, lakini kufa kwake hakukupunguza ubishi hata kidogo, bali kuliuongeza, maana marehemu hawezi kutoa wimbo mpya wa kuwavurugia watu hoja.

Swali lilikuwa moja, miaka yote: ni lini Radi aliuimba ule wimbo wake mkuu vizuri kuliko siku zote? Mwalimu, ambaye alifundisha hesabu mpaka akastaafu, alisema ni Ule wa Studio, kwa sababu hakuna sauti iliyokosea njia. Fundi wa mabomba, tunayemwita Bomba, alisema ni Ule wa Uwanjani. "Studio ni maji ya ndoo," alikuwa akisema. "Uwanjani ndiyo presha! Ile sauti ingepasua koki!" Dada wa Posta, anayegonga mihuri dirishani siku nzima na pengine ndiyo sababu anapenda utulivu, alisimamia Ule wa Kiti, ambao Radi aliimba ameketi na gitaa moja, polepole. Kila Jumamosi walikuja wote watatu, wakakaa kwenye makochi ya wateja. Kama uliwahi kuletewa kochi jipya ukalikuta limeshabonyea katikati, pole, huyo alikuwa Bomba.

Mume wangu yeye alijulikana zaidi kwa anachokichukia. Alichukia Ule wa Mwisho. Huo Radi aliuimba akiwa mgonjwa, koo limeshakwisha, sauti inakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Kuna mahali anaishiwa kabisa, watazamaji wanamwimbia, naye amesimama tu na kipaza sauti mkononi. Mume wangu alikuwa akisikia ule wimbo anatikisa kichwa kama mtu aliyeibiwa.

Sasa hawa watu walikuwa na sheria. Zamani Bomba aligeuza kauli katikati ya ubishi, akaapa kwa viapo vyote kwamba hakusema alichosema. Nusura wagombane kweli. Tangu hapo Mwalimu akawa anakuja na redio ya kaseti, anairekodi kila Jumamosi, na kanda zote anazitunza kwenye katoni. Mtu akigeuka, kanda inachezwa, anaumbuka. Na kisicho kwenye kanda hakihesabiwi. Nimeona mahakama zisizo makini kiasi hicho.

Kisha sauti ya mume wangu ikaanza kukwaruza.

Nilidhani ni ubishi. Yeye akasema ni vumbi la sponji. Tukanywa tangawizi, tukanywa asali, tukabadilisha gundi. Nilipomlazimisha twende hospitali, daktari, binti mdogo wa kutosha kuwa mwanetu, aliingiza kimrija chenye taa, akatazama, akaacha kutabasamu. Wakakata kipande, wakapima. Tuliporudi alituambia wazi: ni saratani, imekaa pale pale sauti inapotokea, na kuitoa ni kutoa kila kitu pale. Angepumulia tundu shingoni. Baadaye angeweza kujifunza kuongea kwa kifaa, lakini sauti isingekuwa hii.

"Haitabaki hata kidogo?" mume wangu akauliza.

"Utabaki wewe, baba," daktari akasema. "Na mpaka siku ya upasuaji, usipaze sauti, na ukiweza nyamaza kabisa. Koo limevimba. Ukilikaza linaweza kuziba pumzi."

Tukashika njia ya nyumbani. Moyoni nilikuwa naomba jambo moja tu, na nilikuwa naliomba kwa hasira: kile kidogo kilichobaki kitumike nyumbani. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika sasa, nami nilitaka yangu. Miaka yote hiyo nimeshona nikiisikiliza sauti ile ikimsifu mwanamume mwingine mwenye suruali ya kubana. Nilidhani na mimi nina zamu.

Aliwapigia simu mapacha, ambao wanaishi mbali na hawakai mji mmoja. Aliwauliza kila mmoja kama amekula, akakata. Nikamwambia, "Ndiyo hayo tu uliyo nayo ya kuwaambia wanao?" Akaandika kwa chaki juu ya ubao wa kochi: *Watakuja*. Siku zile alikuwa mtiifu wa ajabu. Ananyamaza, anapigilia misumari, ananionyesha kwa kidole. Nikaanza kuamini kwamba anaitunza ile akiba.

Jumamosi ikafika. Nilifunga mlango wa karakana kwa komeo nikakaa kwenye cherehani. Bomba alipobisha hodi nikajibu kwamba leo hakuna kikao, mwenyekiti hajisikii vizuri. Mwenyekiti akainuka, akafungua komeo mwenyewe, akawakaribisha kwa mkono. Sikio la kufa halisikii dawa.

Habari ya ugonjwa hakuwaambia. Alikaa, akasubiri Mwalimu abonyeze redio, kisha akainua nyundo na kugonga meza. Akasema kwa ile sauti yake mpya, ya kukwangua sufuria:

"Nimebadili mawazo. Ulio bora kuliko zote ni Ule wa Mwisho."

Hata mimi niliacha kushona. Bomba aliruka kwenye kochi la watu. "Ati nini? Fundi, unakula matapishi yako mchana kweupe!" Dada wa Posta alicheka mpaka akashika mbavu. Mwalimu hakucheka, alishainamia katoni lake kwa furaha ya mtu aliyengoja siku hiyo miaka mingi. Akachagua kanda, akaipachika, akabonyeza.

Sauti ya mume wangu ikajaa chumba.

Sauti yake yenyewe. Nzito, pana, yenye kicheko chini yake. Nilikuwa nimeishi nayo kila siku na sikuwa nimewahi kuisikiliza. "Mtu akiishiwa sauti anyamaze!" ilinguruma. "Anatafuta nini jukwaani? Anatuonyesha nini? Aende zake nyumbani akakae na mkewe!" Kelele za kumpinga, vicheko, halafu tena yeye: "Mama Mapacha! Hii chai mbona haina sukari?" Na mimi nikajibu kwa mbali, juu ya mlio wa cherehani: "Sukari iko chini, koroga!"

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wameicheza kanda wamuumbue, na badala yake wakasikia vyote viwili, ile sauti ya jana na mtu wa leo aliyekaa mbele yao. Dada wa Posta ndiye aliyeuliza, polepole. "Shemeji, koo lako lina nini?"

Akawaambia. Alitumia maneno machache, na kila moja lilitoka kwa taabu. Mwalimu akaizima kanda lakini akasahau kuondoa kidole juu ya redio. Nje mtu alikuwa anafagia.

Watu wengine wangekaa kimya, au wangesali. Bomba alikohoa, akasema, "Basi toa hoja zako, mwenyekiti. Hatukupi ushindi kwa kukuonea huruma." Nilitaka kumrushia mkasi. Lakini mume wangu uso ulimchangamka, na nikaona kwamba hilo ndilo alilokuwa amelifungulia komeo.

"Studioni alikuwa nayo tele," akasema, Mwalimu akiwa amesharudisha ile kanda ya kurekodia. "Alikuwa anaitapanya tu. Huu wa mwisho sikilizeni vizuri. Pale juu anawaachia watu waimbe. Pale kati anaparuka. Anangoja ule ubeti wa kumwimbia mama yake, huo anauimba mwenyewe wote. Nilikuwa nasema ameishiwa. Kumbe anachagua."

Hapo nikashindwa. Nilisimama, kitambaa cha watu kikaanguka sakafuni. "Na wewe umechagua nini?" nikamuuliza mbele yao wote. "Daktari kakuambia unyamaze. Nyumba nzima nimeinyamazisha kwa ajili yako. Umebakiwa na maneno kiganja kimoja, na umekuja kuyamwaga hapa kumbishia Bomba habari za marehemu! Mimi je? Ubeti wangu uko wapi?"

Akaiweka nyundo mezani. Kikao kikaishia hapo. Waliondoka mmoja mmoja, wakaniaga kwa adabu kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Mwalimu alisahau redio ikiendelea kurekodi, kwa hiyo kuna kanda moja ambayo upande wake wa pili ni mimi nikifagia kwa hasira.

Asubuhi ya upasuaji waliniruhusu kukaa naye kidogo kabla ya kumsukuma kwenda ndani. Tuliongea kidogo. Kisha wakaja, wakamchukua.

Alitoka mzima. Namshukuru Mungu na yule binti daktari, nikianza na Mungu ili pasiwe na ugomvi. Tundu liko chini ya koo, na kwa kuwa vumbi la sponji ni adui yake, nimemshonea vitambaa vyepesi vya kulifunika, vya rangi mbalimbali, kutoka kwenye masalio ya wateja. Ana pamba ya bluu, ana ya maua. Kifaa cha kuongelea alikijaribu siku moja, akasikia sauti kama redio iliyoanguka kisimani, akakirudisha kwenye boksi mpaka hasira zimpoe. Sasa anaongea kwa nyundo. Kugonga mara moja ni ndiyo, mbili ni hapana, tatu ni chai.

Mashabiki walikaa muda bila kuja. Nilidhani wamemkimbia, na moyoni niliwatukana sana. Halafu Jumamosi moja hodi, na wote watatu hao mlangoni, Bomba amebeba katoni la kanda. Mwalimu alijieleza kwa maneno mengi mazito. Wamekaa wakajadiliana, akasema, wakaona suala la Radi lipumzike kidogo. Kuna swali jipya mezani: ni lini mwenyekiti wetu alibisha vizuri kuliko siku zote?

Mume wangu akagonga mara moja.

Basi wakaanza, na wallahi walibishana kama kawaida. Mwalimu alitetea Jumamosi ile umeme ulipokatika na Fundi akaendelea na hoja gizani bila kupoteza neno. Bomba alisimamia siku aliyoitwa yeye "mfereji usio na kifuniko", akasema hajawahi kutukanwa kwa presha kama ile. Dada wa Posta akaleta kanda ambamo Fundi anacheka tu, hoja hana, anacheka mpaka kanda inaisha. Kila kanda ilichezwa. Mume wangu alikaa na misumari mdomoni akijisikiliza, macho yanameremeta, akigonga kukubali na kukataa. Mimi nilikuwa nashona nikijifanya naona vizuri.

"Mama Mapacha," Dada wa Posta akaniita. "Wewe hujawahi kupiga kura hata siku moja."

"Kura yangu ni ule wa mwisho," nikasema. "Wa hospitalini."

Mwalimu akapekua katoni. "Uko kanda ipi?"

"Haumo."

"Sheria unaijua, mama," akasema, naye alionekana kuumia kwa kweli. "Kisicho kwenye kanda..."

Nyundo ikagonga meza. Mara moja, kwa nguvu. Mwenyekiti ndiye mwenyekiti.

"Haya," Bomba akasema. "Alisema nini?"

Nikawaambia. Walikuwa wamekwishamvalisha nguo za upasuaji, muuguzi yuko mlangoni, naye akaniita: "Mama Mapacha." Nikasema, nini? Akasema, "Chai." Nikamwambia, baba, wewe hujasikia? Wamekataza usiweke kitu mdomoni, hata maji. Akasema, "Najua. Nilitaka tu kukuita."

Mwalimu alivua miwani akaipangusa kwa pindo la kochi la mteja. Bomba aligeukia ukuta, akaanza kulichunguza bomba ambalo halina tatizo lolote. Kura hazikuhesabiwa tena.

Mume wangu alitoa misumari mdomoni, akaipanga mezani, akanitazama. Akagonga mara tatu. Nikaenda kuchemsha maji, na sukari niliikoroga mwenyewe.