Maganda ya Vitunguu Katika Mafuta ya Harusi

Kwetu mwanamume hazungumzi na mama mkwe wake ana kwa ana. Hata wakiwa hatua mbili, maneno hupitia kwa mke. Ndiyo sababu mabishano makali kuliko yote ya kisayansi niliyowahi kushiriki yalifanyika katika ua mmoja wa Kabambare: mimi juu ya kigoda, mama mkwe amenipa mgongo, na mke wangu katikati, akipeta mchele.

Nafundisha kemia Kasongo, na mvi zilikuwa zimekwisha kuniota niliporudi chuoni. Mada yangu ilikuwa kutabiri kwa kompyuta jinsi umbo la molekuli linavyoiwezesha kuzuia mafuta yasichache. Hewa huzaa ndani ya mafuta molekuli zenye upungufu. Hizo humnyang'anya jirani hidrojeni, na jirani aliyenyang'anywa hugeuka mnyang'anyi. Molekuli njema ni ile inayotoa hidrojeni yake bila ugomvi. Programu yangu ilikadiria kila moja inahitaji kuvutwa kwa nguvu gani ndipo iachie.

Mama mkwe hakuamini kuwa hiyo ni kazi. Kwa wageni alinitambulisha kama "yule wa kucheza na mashine". Nakiri kwamba nilitamani, kuliko hata shahada yenyewe, anihesabu kuwa mtu mwenye kazi.

Nafasi ilipatikana alipotayarisha bidoni mbili, yaani madumu, za mawese kwa ajili ya harusi ya binti yake wa mwisho. Desturi yake ni kukaanga vipande vya tangawizi ndani ya mafuta kabla ya kuyafunika. Nilikuwa nimepanda pikipiki kutoka Kasongo, kompyuta nimeifunga kifuani kwa kitenge kama mtoto mchanga. Nikaifungua. Katika orodha ya programu yangu molekuli ya maganda ya vitunguu iliongoza, kwa kuwa ilikuwa na mikono mitano ya kutolea hidrojeni. Ile ya tangawizi ilikuwa na mmoja.

"Mwambie mama," nilimwambia mke wangu, "tangawizi ni ya mwisho darasani."

"Mama, anasema tangawizi iko ya mwisho."

"Nimesikia, siko kiziwi. Umuulize bwana yako, tangawizi imemukosea nini?"

"Mama anauliza..."

"Nimesikia," nikasema.

"Sasa mimi niko muke ao niko telefone?" mke wangu akauliza, bila kumwelekea yeyote.

Baada ya mabishano ya alasiri nzima nilipewa bidoni moja, pamoja na onyo: yakiharibika, wageni wataelezwa ni mkwe gani aliyeyaharibu. Nikasaga maganda makavu ya vitunguu, nikayatia kwa heshima zote, nikarudi Kasongo nikiwa na furaha ya kijinga.

Siku tatu kabla ya harusi tulizifungua bidoni zote mbili. Ile ya tangawizi ilinukia vizuri. Yangu ilinuka kama kiatu kilichokanyaga mvua wiki nzima. Unga wote wa vitunguu ulikuwa umelala chini kama matope, haukuyeyuka hata chembe. Mikono mitano, na yote imelala usingizi.

Mama mkwe alichungulia, akanusa.

"Umuulize," akamwambia binti yake, "kule ndani ya mashine, ile dawa yake aliipima mu mafuta gani?"

Mke wangu akanigeukia. Nikaangalia miguu yangu.

"Mwambie mama kwamba... niliipima katika utupu. Peke yake. Hakukuwa na mafuta."

Sufuria ikamponyoka mama mkwe mkononi. Akageuka mzima mzima, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Mutoto wa watu! Si utie mafuta!"

Ua mzima ukaganda. Yeye mwenyewe alishtuka, akajifunika uso kwa kitenge na kumwambia binti yake, "Umwambie sijasema kitu."

"Anasema hajasema kitu," mke wangu akatangaza.

Bidoni yangu iligeuzwa sabuni. Nami niliongeza katika hesabu zangu safu moja inayoonyesha kila molekuli inapenda mafuta kiasi gani, na tangawizi ikapanda hadi karibu na kilele cha orodha. Harusini wageni walikula wali wa mafuta mazuri. Mmoja wao alipouliza mimi ni nani, nilimsikia mama mkwe, akiwa amenipa mgongo vilevile, akimjibu:

"Ule? Anafanyaka kazi ya mafuta. Anaanza tu kujifunza."