Barua Iliyoshuka Mara Kumi na Moja

Mama alipoanza kukosea mlango wa jikoni, tulidhani ni uchovu wa palizi. Daktari aliyempima alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lingeweza kuokolewa likipasuliwa mapema, lakini likishakufa nalo halirudi. Alisema hivyo bila kutuficha, na mama akamshukuru.

Aliyetutafutia nafasi ya upasuaji ni dada mmoja muuguzi. Zamani alipanga chumba kwa jirani yetu Newala, kabla hajahamishiwa hospitali ya mbali, huko pwani. Mama alikuwa akimpelekea mihogo, naye alimwita mama. Ndiye pia aliyenifungulia imeili, akaniandikia anwani na neno la siri kwenye kipande cha boksi la sabuni, akisema dunia sasa inakwenda huko. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuwa na mtu wa kumwandikia, lakini kile kipande nilikitunza.

Sisi hatukuwa na simu. Alipiga kwa jirani, nikaitwa.

"Madaktari wa macho wanakuja kutoka nje, wiki moja tu," alisema. "Jina la mama nimeliingiza. Barua yake nimekutumia kwenye imeili. Iprinti, mje nayo Ijumaa asubuhi. Wanapokea wenye barua tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

"Kuna unachotaka kuuliza?"

"Hakuna."

Newala umeme ulikuwa umekatika tangu Jumapili, kwa hiyo Jumanne nilishuka Masasi. Kafe ya intaneti ilikuwa ndani ya lililokuwa duka la ushirika. Mama alinisimulia jinsi walivyopanga foleni pale wakisubiri kanga na sabuni. Siku hizi limekatwa vyumba kwa mbao nyembamba: saluni, duka la simu, na kafe yenye kompyuta nne za mitumba. Mwenye kafe alikuwa Myao, mtu wa miaka thelathini hivi.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Newala."

"Mmakonde?"

"Ndiyo."

"Basi wewe mtani wangu. Umekuja intaneti au umekuja kuoga?"

Waliokaa kwenye mashine wakacheka. Wayao na sisi ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani husema lolote, hata msibani, na anayekasirika ndiye anayeiaibisha nyumba yao. Na sisi wa huku juu tunataniwa maji, kwa sababu maji yako bondeni na mama zetu huyapandisha kwa ndoo kichwani. Mimi utani hunishinda. Jibu langu hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Nilikaa kwenye mashine ya pembeni. Kuandika anwani na neno la siri kulinichukua muda mrefu, maana kila herufi niliitafuta kwa macho kwanza. Barua ya dada ilikuwepo, maneno mawili matatu ya Kiswahili, na chini yake alama ya kibanio cha karatasi na jina la mama. Dada alikuwa ameniambia zamani kwamba penye kibanio ndipo pa kubonyeza.

Nikabonyeza, nikangoja barua ijitandaze kwenye kioo. Haikutokea.

Nikabonyeza tena. Nilibonyeza taratibu, nikabonyeza haraka, nikabonyeza mara mbili kwa mkupuo. Nilitoka kwenye imeili nikaingia upya. Nilijaribu kitufe cha upande wa pili wa kipanya, ikatokea orodha ya maneno ya Kiingereza, nikaifunga kwa woga nisije nikaifuta barua. Kiingereza changu hakikufika mahali pa kujua neno lipi linafuta na lipi linafungua. Chini kabisa ya kioo palikuwa pamejitokeza mstari wa kijivu wenye vijisanduku vidogo, kimoja baada ya kingine. Niliviona. Nilidhani ni matangazo, nikarudisha macho juu, kule nilikotegemea barua itokee.

Mwenye kafe alikuwa akipita kwenda kwenye printa. Akasimama nyuma yangu.

"Mtani," alisema, "faili hilo umelishusha mara kumi na moja. Unataka kulipandisha Newala kwa ndoo?"

Chumba kizima kilicheka. Msichana mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake alijiziba mdomo kwa mtandio. Na mimi nikacheka.

"Ndiyo," nikasema, "kule juu hatuna."

Wakacheka zaidi. Akanipiga begani, akasema huyu ndiye mtani, akaenda zake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujibu utani papo hapo, na sitaficha kwamba nilijisikia vizuri.

Alikuwa ameniambia kila kitu. Barua imeshashuka, imo ndani ya mashine ile, mara kumi na moja. Mimi nilisikia ndoo tu. Naye alivyosikia jibu langu aliona mtu anayejua anachofanya, maana mtu aliyekwama hajibu vile.

Muda wangu uliisha. Mzee mmoja alikuwa ameshasimama karibu na kiti changu, akingoja. Ningeweza kusema, kaka, nimeshindwa kuifungua. Nikasema asante, nikatoka.

Mama alikuwa amekaa barazani, uso ameuelekeza njiani.

"Umeipata?"

"Haijaja."

Nilikuwa nimepanga kumwambia imekataa kufunguka. Lakini angeuliza nilimwomba nani anisaidie, na hapo ningesema nini.

"Labda kesho," alisema.

Jumatano niliaga kwamba nakwenda Masasi, nikaishia kwenye mikorosho, nikakaa huko mpaka jioni. Nikarudi na jibu lilelile. Alhamisi nilimkuta ameshafua kanga zake mbili nzuri na kuzianika. Ijumaa ikapita.

Jumamosi dada alipiga tena kwa jirani.

"Mbona hamkuja?"

"Mtandao ulisumbua, dada."

"Si ungenipigia? Nafasi ya mama wamempa mwingine." Kisha akauliza, "Mama anasemaje?"

"Anakusalimu," nikasema.

Mwezi mmoja baadaye nilishuka tena Masasi kununua salfa ya mikorosho. Mwenye kafe alikuwa amesimama mlangoni kwake, akaniita.

"Mtani wa ndoo. Mizigo yako bado iko hapa, nilidhani utarudi kuprinti."

Aliniingiza ndani, akafungua foda moja na kunionyesha. Jina la mama lilikuwa limejipanga kutoka juu kwenda chini, mara kumi na moja, kila moja na namba yake. Nilimwomba aprinti moja. Ilikuwa nusu ukurasa, kwa Kiswahili, imetaja jina, siku, na kwamba mgonjwa aje na mtu wa kumsindikiza. Aliisoma ikitoka kwenye printa. Aliangalia tarehe.

"Mgonjwa ni nani?"

"Mama."

"Si ungesema, mdogo wangu."

Hakuniita mtani tena. Nilimchukia kwa hilo kuliko nilivyochukia ndoo. Niliikunja barua nikaitia mfukoni, na nyumbani nikaificha ndani ya daftari langu la darasa la saba, mahali ambapo mama asingeifikia hata kama angekuwa anaona.

Madaktari wale hawakurudi. Kufikia msimu wa korosho jicho la kulia nalo lilikuwa limekwisha. Mama alianza kuwaambia wanawake wenzake kwamba watu wakishahamia mijini hubaki na maneno tu, kwamba yule binti alimwahidi barua na haikuja, baada ya mihogo yote aliyokula. Aliyasema hayo mbele yangu mara nyingi. Mara nyingine alinigeukia na kuniuliza, "Si ndivyo?" Nami nikaitikia.

Mwaka uliofuata dada alikuja Newala kwa likizo, akapita kwetu na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo, mama."

Mama aliitambua sauti. "Marahaba," alisema. Hakumwuliza habari za safari, hakusema karibu. Mimi nilikuwa nimeshakishika kigoda, nikingoja mama aniambie nimpe mgeni akae. Hakuniambia. Dada alinitazama mimi, akatazama kigoda, akasubiri. Nadhani alijua kuwa mimi ndiye ninayejua. Kisha aliiweka sukari karibu na mguu wa mama, akaaga, akaondoka.

"Ameondoka?" mama aliuliza.

"Ameondoka."

"Angeleta barua," alisema, "sukari ninayo."