Maneno ya Sihaba kwenye Baiskeli

Mzee Bwanaheri wa Mbegani akirudi kuuza samaki hali wala haogi. Kwanza baiskeli. Maji ya samaki yanayochuruzika kutoka tengani ni chumvi tupu, na chumvi ikilala juu ya rangi, kutu haikawii. Basi huimwagia maji baridi taratibu, huipitishia kitambaa laini chenye povu la sabuni, huikausha, kisha huisugulia mshumaa na kuipangusa mpaka nta ibaki utandu mwembamba. Majirani humcheka kwamba baiskeli inaoga kuliko mwenyewe. Wacheke tu! Baiskeli hiyo ya kijani ndiyo iliyomlelea mwanawe Farhan, na kila akiipangusa humshukuru Mungu kwa sauti.

Lakini pana jambo jingine. Kwenye bomba la juu la fremu, marehemu mkewe Sihaba, aliyekuwa akipaka maharusi hina, alichora kwa rangi nyeupe maua madogo na maneno mawili: Nenda urudi. Ndivyo alivyokuwa akimuaga kila alfajiri. Mkono wake umebaki hapo tu.

Siku ya kuamkia Idi, mzee alikwenda sokoni kwa miguu. Nyumbani alimwacha Adija, mke wa Farhan, binti wa Miono aliyeolewa juzijuzi, mchapakazi asiyejua kukaa. Adija alisugua masufuria yote kwa mchanga, majivu na kumbi la nazi mpaka yakameremeta. Alipoyamaliza, macho yakaangukia baiskeli. Akasema moyoni, hebu nimfurahishe baba.

Mzee aliporudi aliikuta imeegemezwa ukutani, inang'aa kweli, ila kwa chuma. Rangi ilikuwa imechunika huku na huku. Mfuko wa vitunguu ukamdondoka.

"Shikamoo, baba," Adija alisema akitabasamu. "Nimekutakatishia."

Mzee aliinama, akatazama bomba la juu. Maua yapo. Maneno yapo, yote mawili, na kijani chake hakijaguswa.

"Hapo sikutia mchanga," Adija alisema, na tabasamu lilikuwa limeshamtoka. "Farhan aliniambia ni mkono wa mama. Nimepafuta kwa ncha ya kanga yangu tu. Kwani nimekosea, baba?"

Hasira zilizokuwa zimempanda mzee zikashuka zenyewe.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Mchanga ni wa masufuria. Lakini Mungu akulipe, akulipe sana."

Jioni ile waliomba masalio ya rangi kwa Mikdad, fundi wa boti, wakapaka palipochunika. Kijani cha boti kilielekea buluu, baiskeli ikawa kama kanzu yenye viraka. Mzee akaapa kwamba imependeza. Rangi ilipokauka, alimkabidhi Adija kitambaa na mshumaa, vitu ambavyo hata Farhan hajawahi kupewa, akamwonyesha namna ya kusugua.

Idi ilipokwisha, alfajiri mzee alifunga tenga lake na kuikokota baiskeli kutoka uani. Adija alikuwa anafagia. Aliinua kichwa, akasema kama jambo la kila siku:

"Nenda urudi, baba."

Mzee alisimama. Tangu Sihaba azikwe, alikuwa akiyasoma tu maneno hayo.

"Inshallah," aliitikia, akapanda haraka binti asije akaona anavyolia, na alhamdulillahi haikumkauka mdomoni mpaka barabara kuu.