Herufi Tisa Kutoka Liuli

Juzi nilikuwa nyumbani Mbinga, nimekaa barazani nachambua maharage, binti wa kaka yangu kajilaza mkekani na simu yake. Alikuwa anacheza mchezo wa maneno ya Kiingereza. Unaambiwa neno lina herufi ngapi, unatajiwa herufi mbili tatu ambazo lazima ziwemo, kazi kwako. Alipokwama akabonyeza mahali, simu ikamwaga maneno kama mahindi kutoka kwenye debe.

"Umeyatoa wapi hayo?" nikamuuliza.

"Kwenye simu, shangazi." Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa mvua inatoka wapi.

Nilikasirika, sikufichi rafiki yangu. Mchezo huo naujua. Tuliucheza shuleni kwetu miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, mitumba ilipoanza kupanda milima ya kwetu kwa marobota na wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupita na mizani zao. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu wa kuja, kahamishiwa kwetu kutoka mkoa wa joto, na baridi ya Mbinga hakuizoea hata siku moja. Alifundisha na koti, mkono mmoja mfukoni. Vitabu havikuwepo. Kamusi ilikuwa moja tu, imefungiwa kwenye kabati la ofisi.

Basi kila Ijumaa aliandika ubaoni idadi na herufi, na sisi tukatawanyika kutafuta. Jumatatu ulisimama, ukataja neno, naye akakuuliza swali lake lile lile: umelitoa wapi? Ilikuwa lazima uwe umeliona kwa macho yako. Mwenzangu mmoja alileta SOAP kutoka kwenye karatasi ya sabuni. Mimi niliwahi kuleta COTTON, nimeikuta kwenye lebo ya shingoni mwa shati la baba, na nililigeuza shati lile akiwa amelivaa.

Tulipofika darasa la saba, mwalimu akatangaza kwamba atakayelipata neno la mwisho kabla ya likizo ataondoka na kamusi, akae nayo nyumbani mpaka shule ifunguliwe. Baada ya likizo ulikuwa mtihani wa kwenda sekondari. Kwetu hakukuwa na kitabu hata kimoja cha Kiingereza, na nilijua bila kamusi ile jina langu halitatoka. Mwalimu akaandika ubaoni: herufi tisa, ziwemo V na U.

Nilizunguka soko zima nikisoma migongo ya watu. Nilisoma magunia ya mbolea, makopo, mpaka betri za redio. Sikupata kitu. Jioni, tukiwa tunageuza kahawa kwenye kichanja, nikakumbuka. Mama mmoja wa Liuli, aliyekuwa akituletea usipa, dagaa wa ziwani kwao, siku za soko, alikuwa na fulana ya njano yenye neno refu kifuani, na neno lile lilianza na V kubwa kuliko mkono wangu. Lakini siku ya soko ilikuwa imepita, na mama yule alikuwa kesharudi ziwani.

Nilimweleza bibi huku nalia. Bibi hakujua hata A, na lori alikuwa analiogopa kuliko nyoka. Aligeuza kahawa yake mpaka mwisho wa kichanja, akapangusa mikono.

"Kesho tunashuka," akasema. "Neno likikaa ziwani tutalifuata huko huko. Na maharage tutabeba, tusifike mikono mitupu."

Tukapanda lori la wachuuzi wa samaki, bibi amekaa juu ya magunia, kafumba macho, rozari mkononi. Kila kona ya mteremko alimwita mama yake aliyekufa zamani. Kadiri tulivyoshuka joto likapanda, sweta zikavuliwa, na harufu ya usipa wanaokauka ikatupokea kabla hatujaliona ziwa.

Mama wa Liuli tulimkuta anaanika. Tukaamkiana, bibi akatoa maharage, halafu nikauliza habari ya fulana. Akacheka.

"Jamani, mwanangu! Ile ilishachakaa, nimeikata."

Nadhani aliniona uso, maana aliacha samaki wake, akavua ngata aliyokuwa ameiweka kichwani, akaifungua mkunjo kwa mkunjo. Nikaona VOLUN, na baada ya N, mkato wa kisu.

"Nusu nyingine?" bibi akauliza, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake.

Nusu nyingine ilikuwa jikoni, ndiyo kitambaa cha kuipulia sufuria, nyeusi tii. Wanawake wale wawili wakaingia nayo majini mpaka magotini, wakaisugua kwa mchanga, huyu anakamata huku, yule kule, na mimi ukingoni nawasihi wasiichane. Herufi zikatoka moja moja. Tukaviunganisha vipande juu ya jiwe, nikahesabu kwa vidole. Tisa! Bibi akapiga kigelegele, ingawa hakujua ni neno gani, wala mimi sikujua. Tulikula ugali wa muhogo na usipa wabichi, na mama yule akatufungia wengine wakavu wa kurudi nao.

Jumatatu mwalimu aliponiuliza nimelitoa wapi, nilimweleza yote. Alikwenda ofisini, akarudi na kamusi, akaniambia nilitafute mwenyewe mbele ya darasa. VOLUNTEER, mtu anayejitolea. Likizo ile nilisoma kamusi karibu na moto mpaka ikanuka moshi, na jina langu likatoka.

Soko lililofuata nilimwambia mama wa Liuli maana ya fulana yake. "Kujitolea gani," akasema, "na mimi nauza samaki?"

Sasa mama yule hayupo, na bibi hayupo. Kichanja cha kahawa kimeoza. Nilimwambia binti wa kaka yangu aandike herufi tisa, V na U, na neno langu likaja papo hapo, katikati ya mengine mengi, safi, halina masizi.

"Hili nalijua," nikamwambia.

"Umelitoa wapi, shangazi?"

Nikaweka ungo chini, nikamwambia azime simu.