Mrija Mrefu wa Baba

Kule kwetu Ndalu, mtu akikutukana mbele ya watu utamshtaki kwa chifu. Lakini bakoki wako, yaani mwanamume mliyetahiriwa naye mwaka mmoja, ana ruhusa. Anaweza kukisema kichwa chako, mapishi ya mkeo, hata babako aliye kaburini, na wewe unacheka huku ukitafuta tusi la kumrudishia. Baba yangu, Sichangi, alikuwa na bakoki aliyewazidi wote kwa ulimi, Wabwile. Nikikumbuka Jumamosi za utoto wangu, ninawaona hao wawili wakitukanana kwa raha kando ya chungu cha busaa, pombe yetu ya nafaka, na mama, mlokole wa kweli, akifunga dirisha kwa kishindo.

Hiyo ilikuwa kabla ya mwaka wa themanini na nne, ncha ya plau ilipomchana baba muundi akilima. Kidonda kidogo tu. Alikipaka majivu ya tumbaku akawarudia ng'ombe wake. Mahindi yakapandwa, yakavunwa, kidonda kikabaki. Mwaka uliofuata kilikuwa kimeuzunguka mguu na kinatoa maji yenye harufu.

Sisi tulizoea. Mimi ndiye niliyechemsha vitambaa vya kukifungia, vipande vya leso kuukuu za mama, nikavianika nyuma ya choo wageni wasivione. Nilichoshindwa kuzoea ni jinsi baba alivyozidi kujitenga. Aliacha kuvaa kaptura. Kanisani akahamia benchi la mlangoni. Akaanza kulala sebuleni peke yake, mguu juu ya kiti, eti kitanda kina kunguni. Dada yangu mkubwa alipoposwa, baba alimwachia ndugu yake kazi ya kuwapokea wakwe, naye akashinda shambani kutwa nzima. Nilimkasirikia sana siku ile. Leo ninaona haya.

Kitu kimoja hakukiacha, chungu. Wazee watano huketi kukizunguka, kila mtu na mrija wake, wote wakinyonya busaa ile ile. Baba akaagiza mrija mpya kutoka Mlima Elgon, mrefu kupita yote, akasogeza kiti chake mpaka karibu na ghala, mahali upepo ulipoichukua harufu upande wa pili. Wenzake wakajifanya hawaoni. Hata Wabwile aliacha utani. Alimwita "mzee Sichangi" na kumuuliza hali kwa upole, na upole huo ulimuuma baba kuliko kidonda. Jioni moja nilimsikia akimwambia mama:

"Wabwile ameacha kunitukana. Mimi nimekufa, mama watoto. Imebaki kuzikwa."

Kesho yake mama alijifunga kitambaa chake cha kanisani akaenda kwa Wabwile. Walichozungumza hakutueleza hata siku moja.

Jumamosi iliyofuata, mwaka wa tisini na moja, Wabwile alikuja na kisu. Hakusalimu mtu. Aliuchukua mrija wa baba, akaukata, kipande kirefu akakitupa jikoni motoni.

"Sichangi, unanuka," alisema. "Unanuka kama ngozi iliyosahaulika kwa mvua. Nzi wa Ndalu wote wamehamia kwako na mabibi zao. Sasa songa hapa karibu na mimi."

Wazee walitazama chini. Baba alimkazia macho Wabwile.

"Miaka saba," akasema, "nimengoja useme."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akakiburuta kiti chake hadi penye chungu. Mama alikuwa dirishani. Siku hiyo hakulifunga.

Jumatatu, Wabwile alimpakia baba kwenye karia ya baiskeli hadi stendi, wakapanda basi la Kitale. Kule mtaa wa Tuwan kulikuwa na kliniki ndogo ya muuguzi mmoja, Sista Wahu. Aliwaeleza kwamba damu ya mguu ilikuwa imeshindwa kupanda, kwa hiyo dawa za kupaka peke yake zisingefaa kitu. Akaufunga mguu bendeji ya kubana kutoka vidoleni hadi gotini, akamwambia baba arudi kila Alhamisi. Kila Alhamisi Wabwile alimpeleka, njia nzima akilalamika kwamba baba ni mzito kama gunia la mahindi mabichi. Kidonda hakikufunga kabisa, ila kilibaki kama sarafu na harufu ikaisha. Baba akarudi kitandani kwake. Mimi nilipoposwa, aliwapokea wakwe mwenyewe, amevaa kaptura.

Wabwile alitangulia, mwaka wa tisini na nane, kwa homa ya siku tatu tu. Kwenye mazishi baba aliomba nafasi, akasimama kando ya kaburi akiegemea fimbo.

"Wabwile, mwizi wa kuku wewe," alisema. "Umeenda bila kuniaga. Sasa nikinuka, nani ataniambia?"

Waombolezaji walicheka, maana bakoki huagwa hivyo. Baba hakucheka.