Bibi Aliyeingia kwa Jina la Fundi Simu

Nilipanda ghorofani kupaka chokaa, nikabaki mpaka masika yakapita. Nyumba ilikuwa ya duka la vitambaa na udi, Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na binti wa mwenye duka alikuwa na chumba chake huko juu: meza, kompyuta na feni iliyokuwa ikikoroma. Mimi shule niliiacha mapema. Nimeuza mayai ya kuchemsha Chalinze kwenye madirisha ya mabasi, nimelinda mabanda ya kuku Kerege, nimebeba tofali, na kila kazi niliiacha siku nilipoielewa. Ya dada yule sikuielewa, ndiyo maana sikuondoka.

"Kaka, unapaka ukuta au unapaka sakafu?" aliniuliza siku ya kwanza, maana brashi ilikuwa inadondosha huku macho yangu yako kwenye kioo cha kompyuta yake.

"Vyote, dada. Hiyo ni nini?"

Nimezoea watu wenye kazi za namna hiyo kunijibu kwamba sitaelewa. Yeye aligeuza kiti ili nami nione.

Alikuwa anatengeneza tovuti ya wanawake wanaosuka mikeka ya ukindu, kuanzia Kerege hadi Saadani. Kila mmoja angeweka picha za mikeka yake, wenye hoteli wangeziona na kuagiza. Tabu ilikuwa mlangoni. Alimpa kila mmoja neno lake la siri, wakayasahau. Mmoja aliliandika lake ukutani kwa mkaa, na Idi ilipokaribia nyumba ikapakwa rangi.

"Sasa sitaki kuwawekea maneno ya siri kabisa," alisema. "Simu zao tayari zina akaunti ya barua pepe ya ile kampuni kubwa. Kampuni hiyo inawajua. Akija mtu kwangu namtuma huko, huko wanamtazama, kisha wanamrudisha na barua: huyu tunamjua, mpokee."

"Kama mshenga," nikasema.

Akafikiri. Hicho ndicho nilichokipenda kwake tangu mwanzo, kwamba neno la mpaka chokaa alilipima kama la mtu mwingine yeyote. "Kama mshenga," akakubali. "Ila huyu ana siri kuliko washenga wetu. Neno la siri la bibi wa watu atalisikia yeye, mimi hataniambia kamwe. Nami sitaki kulijua."

Nilijifunza mengi kwa kusimama nyuma yake. Kwanza unajiandikisha kwa kampuni, nayo inakupa jina la kujitambulisha, ambalo kila mtu anaweza kuliona, na ufunguo wa siri, ambao humwonyeshi hata mama yako. Ule ufunguo hakuuandika ndani ya programu yenyewe. Aliuweka kando, kwenye seva, ili anayesoma kazi yake asiukute. Kisha unaiambia kampuni anwani ya kumrudisha mgeni, herufi kwa herufi. Siku nzima mshenga wetu alikuwa akikataa kurudi. Jioni dada akaangua kicheko peke yake: anwani aliyoisajili iliishia na kistari cha mshazari, ile aliyoiandika kwenye programu haikuwa nacho. Mimi ningeivunja ile kompyuta saa sita mchana. Yeye alifuta kistari, akaagiza kahawa.

Mlango ukafunguka, wasukaji wakaanza kuingia, picha zikajaa. Halafu hoteli moja ya pwani ikauona mkeka wa bibi mmoja wa Saadani, ukingo wake umepinda kama maji yanayorudi, wakautaka kwa vyumba vyao vyote. Ila walitaka kwanza kuzungumza na msukaji mwenyewe. Na tovuti ilisema msukaji ni mwanamume wa Chalinze.

Bibi alikuja mwenyewe na wenzake wawili. Tukamwamkia, akaitikia marahaba bila kutuangalia, akaweka simu yake mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Mjukuu wangu, mkeka nimesuka mimi, vidole hivi. Huyu mwanamume ni nani?"

Dada akabonyeza. Kioo kikamkaribisha mwanamume. Akachukua simu ya wa pili, kikamkaribisha yuleyule. Ya tatu, yuleyule.

"Namjua!" akasema wa pili. "Ni fundi simu wa stendi, Chalinze. Ndiye aliyetuuzia."

"Basi sote tumeolewa na fundi," akasema wa tatu. "Na mahari sijaiona."

"Wewe ndiye mke mdogo, subiri zamu yako," akamjibu wa pili, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bibi hakucheka.

Tukampigia fundi. Alikuwa mtu mwema kabisa. Simu mpya haiwaki vizuri bila akaunti, wateja wake hawana, basi kila simu aliiwekea ya kwake. Ya kusaidia tu. Dada akamwuliza neno la siri la hiyo akaunti. "Dada yangu," akasema, "hata mimi nimelisahau."

Mshenga hakuwa amesema uongo. Aliulizwa akaunti ni ya nani, akajibu. Na mikeka ya wanawake watatu ilikuwa imelala kwenye rundo moja, chini ya jina la mtu asiyejua hata kuchana ukindu. Mkeka wa bibi ungeenda hotelini ukiitwa wa fundi, au usiende kabisa.

Nilitegemea dada aseme wakafungue akaunti mpya, wajifunze. Wengi wangesema hivyo, na bibi angerudi Saadani na asingekuja tena. Dada aliizungusha ile simu mkononi. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo nalihusudu.

"Bibi, kwenye simu hii kitu gani ni chako peke yako?"

Bibi hakufikiri. "Laini. Niliisajili kwa kidole changu, mbele ya watu."

Dada akageukia meza. Kosa, alinieleza huku akiandika, lilikuwa lake: alidhani mlango, yaani akaunti anayoingilia mtu, ndio mtu mwenyewe. Sasa mtu angekaa peke yake katika programu, na milango ingemfuata yeye, hata miwili, hata mitatu, naye aweze kuufunga ule asioutaka. Akaongeza mshenga wa pili, kampuni inayotuma tarakimu kwa ujumbe mfupi kwenye laini. Rundo la picha akaliweka mbele ya wanawake, kila mmoja achague za kwake. Nilidhani watagombana. Walizipitia kama mtu anayetoa nguo zake kwenye kamba ya jirani: huu wangu, huo wako, huo uliolegea mshono ni wa huyu, usibishe.

Adhana ya alasiri ilipomalizika kazi ilikuwa tayari. Ujumbe ukaingia kwenye simu ya bibi. Mwenzake akamsomea tarakimu, bibi akazibonyeza mojamoja. Kioo kikageuka. Jina lake, na chini yake mikeka yake, yote, na mlango wa fundi umefungwa.

Akakitazama. "Mbona hakijaniamkia? Kinaniambia karibu tu, kama rika langu?"

"Nitakirekebisha, bibi," dada akasema, na kweli nikamwona anaandika.

Dada akawapigia watu wa hoteli kwa simu yake mwenyewe, akaiweka sikioni mwa bibi. Tulisikia sauti ya mwanamke ikiuliza. Bibi akainuka, akajifunga kanga upya kana kwamba wanamwona.

"Ndiyo, ni mimi," akasema. "Mimi mwenyewe. Vyumba vingapi?"